Mtu wa Rithimu

Ubishi wa nani mpiga gitaa mkali kuliko wote huanza na Jimi Hendrix na kuishia kwa mtu kutukaniwa mamake. Wa juzi ulianza hivyo hivyo. Tulikuwa watano pale Ukunda, kwenye meza ya viazi karai, tunasubiri mvua ipungue ndio tupande bodaboda kurudi Bongwe. Mmoja wetu akatoa simu akaanza kusoma orodha ya Rolling Stone. Wanaoifuata wanaijua: ya kwanza ilitoka 2003 na majina 100, Hendrix juu. Ikaja nyingine 2011, Hendrix juu. Mwaka 2023 ikavimba mpaka majina 250, na Hendrix bado juu. "Basi kesi imekwisha," akasema mwenye simu. Wapi! Kuna aliyesema Eddie Van Halen, na kama humkubali basi hujui kuhesabu noti. Kuna aliyesema Slash, nikashuku ni kwa sababu ya kofia.

Mimi nikasema Malcolm Young.

Kimya. Halafu: "Nani?"

Yule wa AC/DC. Si Angus, yule anayekimbia jukwaani na kaptula ya shule. Kakake. Yule anayesimama nyuma karibu na ngoma, anapiga gitaa la rithimu, hapigi solo. Wakacheka mpaka mwenye viazi akageuka kutazama. "Sasa wewe umetuchagulia golikipa wa akiba," mmoja akasema, na mvua ikaisha nikiwa bado natafuta jibu.

Jibu lenyewe ndilo hili, limechelewa wiki mbili.

Nianze na kasi, maana ndiyo hoja ya wengi na wala si ya kijinga. "Eruption" ya Van Halen ilitoka 1978, haifiki dakika 2, na ukiisikia mara ya kwanza unaapa kuna mikono minne. Mkono wa kulia unahama mahali pake pa kawaida, unakuja juu kwenye shingo ya gitaa kugonga nyuzi pamoja na wa kushoto. Ilikuwa ajabu. Leo fungua YouTube uone mtoto wa miaka 10 akiipiga noti kwa noti, amevaa soksi, nyuma yake kitanda hakijatandikwa. Kama ukubwa ni kasi, basi ukubwa ni kama rekodi ya mbio: kuna siku mtu atakuja kuivunja, na wewe utabaki kwenye daftari. Lakini hakuna anayempenda Eddie hivyo, hata hao wanaosema wanahesabu noti. Wanampenda kwa sababu gitaa lake linacheka. Na ukitaka kujua alikuwa mkali kiasi gani, achana na "Eruption", sikiliza anavyopiga nyuma ya muimbaji wakati hakuna anayemtazama.

Hoja ya pili ni roho. Ati fulani "anapiga na roho". Sina ugomvi nayo ila haisaidii kitu, kwa sababu kila mtu huiona roho kwa yule anayempenda tayari. Ukimtaja B.B. King kila mtu anatikisa kichwa, noti moja tu inakuliza, sawa. Lakini tazama alichokuwa akifanya hasa. B.B. hakuwa akiimba na kupiga kwa wakati mmoja. Akiimba, gitaa linanyamaza. Akifunga mdomo, gitaa linamjibu. Hiyo si roho peke yake. Huo ni utaratibu wa mazungumzo, mtu na mtu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Ukiita roho unamkosea adabu, kana kwamba ilimshukia tu kama mafua.

Ya tatu ndiyo inayonikera: athari. Nani ameigwa na wangapi. Inaonekana ya haki mpaka ujiulize waigaji walimsikia wapi huyo wanayemwiga. Walimsikia kwenye santuri, na aliyeamua santuri ina jina la nani si mpiga gitaa. Chukua santuri za hapa kwetu za miaka ya 60 na 70: lebo ina jina la wimbo, la bendi, la mtunzi. Wale watu wawili au watatu waliokuwa wakisuka magitaa chini ya sauti hawamo. Utamwiga vipi mtu asiye na jina? Unaiga bendi nzima, kisha unasema umejifunza "kutoka kwa wazee".

Hapo ndipo anapoingia mjomba wangu.

Mjomba anakaa Bongwe, huku ndani, mbali kidogo na barabara ya lami na mbali sana na Diani ya kwenye mabango, ingawa kwa pikipiki ni safari fupi. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la debe la mafuta, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli. (Nilipomwambia kwamba Brian May wa Queen, yule aliyempigia gitaa Freddie mtoto wa Unguja, alijitengenezea gitaa na babake kwa mbao za meko ya zamani na vipande vya baiskeli na pikipiki, na kwamba ndilo alilolipiga miaka yote, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama nyuzi zilikuwa za dukani.) Baadaye alipata gitaa la umeme, na kwa karibu miaka 20 alipiga rithimu kwenye bendi za hoteli za Diani. Si jina ambalo umelisikia. Kazi yenyewe ilikuwa kutosikika sana: "Jambo Bwana" baada ya chakula cha jioni, chakacha kidogo watalii wakate viuno, kisha Santana, kisha "Jambo Bwana" tena kwa waliochelewa kushuka chumbani.

Kwa wasiojua magitaa yanavyokaa: kuna la solo, lile linalopaa na ambalo watu hulinyoshea kidole. Kuna besi chini. Katikati kuna la rithimu, linalopiga kodi (za muziki, si zile za KRA) na vile vipande vidogo vinavyojirudia ambavyo huvijui mpaka vikatike. Wakongo waliongeza la nne, wakaliita mi-solo, likakaa kati ya rithimu na solo. Ni kama upatu kwenye sengenya. Nzumari ndiyo inayolia na ndiyo unayoikumbuka ukifika nyumbani, lakini ukinyamazisha upatu, wachezaji wanasimama na kutazamana.

Bendi ya mjomba ilianza na watu 7. Baada ya vurugu za Likoni za 1997 watalii wakapungua pwani yote ya kusini, na hoteli zikaanza kuhesabu vichwa. Hoteli moja, siitaji, ikasema 7 ni wengi, wabaki 5. Wa kwanza kukatwa? Si muimbaji. Si mtu wa solo, maana watalii hupiga picha naye. Aliyekatwa ni mpuliza saksafoni, na wa pili ni mtu wa rithimu. Meneja alinunua kinanda chenye mashine ya midundo ndani, akabonyeza kitufe, na kumbe rithimu ipo humo bure. Mjomba alirudi baadaye kwenye bendi nyingine, akakatwa tena, kwa kitufe kile kile. Mwishowe ukawa mtu mmoja na kinanda pembeni ya bwawa la kuogelea.

Nimefikiria sana kuhusu yule meneja. Simlaumu kwa kuhesabu pesa. Alikuwa na hoteli tupu. Ninachosema ni kwamba alisikiliza muziki kwa sikio lile lile la mwenye orodha. Aliuliza: nani anaonekana? Nani akitoka mteja atalalamika leo usiku? Majarida ya kule na meneja wa hapa hawajawahi kukutana lakini walifikia uamuzi mmoja, kwamba gitaa ni yule anayepiga solo na wengine ni fanicha. Tofauti ni kwamba orodha haimfukuzi mtu kazi.

Nikamuuliza mjomba kitu gani kilipotea mashine ilipoingia. Nilitarajia maneno makubwa. Akasema, "Ile mashine haingoji." Muimbaji wao alikuwa na tabia ya kuchelewesha neno la mwisho la mstari, hasa akiona mzee na mkewe wamesimama kucheza. Kulivuta kidogo. Mjomba alikuwa akiisikia ile pumzi kabla haijatoka, anashikilia kodi yake nusu nukta zaidi, bendi nzima inakaa naye hewani, kisha wanatua pamoja. Mashine ikaja. Muimbaji akavuta neno, mashine ikaenda zake. Wiki mbili hivi akaacha kuvuta maneno.

Nilisikia hilo na nikaona nimepata kipimo changu. Mpiga gitaa mkubwa ni yule anayesikia. Kasi, roho, athari, yote haya ni matokeo. Jambo lenyewe ni sikio: anajua mwenzake yuko wapi, anaelekea wapi, na anaweka mkono wake mahali ambapo wimbo unauhitaji, hata kama mahali hapo ni kimya. Na kipimo cha vitendo ni hiki: mwondoe, usikilize kinachoanguka. Kwa kipimo hicho Malcolm Young yuko juu na mjomba wangu yuko humo humo mahali fulani, na orodha yote inabidi iandikwe upya kuanzia nyuma ya jukwaa.

Nikampelekea mjomba hoja yangu kama mtu anayepeleka posa. Akaikataa.

Kabla sijasema alivyoikataa, nieleze jambo moja. Jioni hiyo nilimchezea "Little Wing" ya Hendrix, ya 1967, kwenye simu, spika ndogo, kuku wakipita. Sikumwambia ni nani. Mjomba anamjua Hendrix kwa jina na kwa nywele tu. Muziki wake haukuwa wa kuchezea watalii waliotoka kula kamba. Kile kipande cha mwanzo, gitaa peke yake kabla ya sauti, unajua kilivyo: kodi hazipigwi zikaisha, zinafunguliwa, na ndani ya kila moja kuna vijiwimbo vidogo vinatoka na kurudi, huku kidole gumba kikipita juu ya shingo kushika nyuzi nene. Ni magitaa mawili ndani ya moja. Mjomba alisikiliza mpaka sauti ikaingia, akasema: "Huyu amewahi kupiga rithimu kwa kulipwa."

Na ni kweli bana. Kabla ya London, kabla ya kuchoma gitaa pale Monterey mwaka 1967, Hendrix alikuwa mtu wa nyuma. Alipiga nyuma ya Isley Brothers, akapiga nyuma ya Little Richard, miaka ya 1964 na 1965, kijana wa mshahara, avae sare na ajue kona yake. Huyo nambari 1 wa orodha zote tatu alilelewa na kazi ambayo orodha hazihesabu. Watu wakimtaja wanataja moto na meno. Mjomba alisikia sekunde 30 kwenye simu iliyopasuka kioo akasikia ajira.

Sasa kukataa kwake. "Mpwangu," akasema (na kwa Wadigo mjomba si mtu wa kubishiwa hovyo, zamani hata urithi ulipita upande wake), "mimi sikuwa mkubwa. Nilikuwa sawa. Usinipandishe kwa sababu ya huruma." Akasema mimi nimefanya kama wale wa orodha, nimegeuza karatasi tu, chini ikawa juu. Akasema mkubwa yupo na yeye amemsikia, na jina lake ni Mbaraka Mwinshehe.

Hapo nikanyamaza, maana pwani hii ukimtaja Mbaraka mtu mzima husimama wima kidogo. Alizaliwa 1944, miaka 2 baada ya Hendrix. Alifanya jina na Morogoro Jazz, akatoka 1973 kuunda Super Volcano, akitunga, akiimba na kupiga solo mwenyewe. Mwaka 1970, Hendrix alipofariki London, Mbaraka na wenzake walikuwa wamepelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Na Januari 1979 ajali ya barabarani ilimuua hapa hapa Mombasa, akiwa na miaka 34. Mjomba alikuwa mvulana. Anakumbuka redio na watu wazima kutosema kitu.

Hoja ya mjomba ni hii, na nimeizungusha kichwani siku nyingi. Katika nyimbo za Mbaraka sauti inaimba, gitaa linajibu mwisho wa mstari, sauti inarudi. Kisha maneno yanaisha, chemko linaingia, na lile gitaa la solo linatembea peke yake kwa muda mrefu bila haraka. "Ziba masikio kwa wale wengine," mjomba akasema. "Sikiliza yeye tu. Bado unaisikia rithimu. Haipigi, lakini ipo, ameibeba." Mtu wa solo asiyebeba rithimu ndani yake, akasema, ni kama abiria anayeongea na simu kwa sauti kwenye matatu: anaongea vizuri, ila hajui yuko na nani. Mtu wa rithimu kama yeye aliisikia bendi. Mkubwa anaisikia bendi, halafu anaondoka, anakwenda mahali ambapo hakuna aliyekwenda, na bendi haipotei. Sharti aondoke. Asiyeondoka ni mwema, si mkubwa.

Ni hoja nzuri kuliko yangu na inaeleza mengi. Inamweleza Hendrix. Inamweleza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" kule Jadotville mwaka 1952: kidole gumba na cha shahada tu, gitaa moja bila umeme, na unasikia mtu anayekaa na mtu anayeondoka ndani ya mikono ile ile. Inamweleza hata Fundi Konde wetu wa Kilifi, aliyezaliwa 1924, akapitia jeshini Burma, akarudi na kodi tamu kiasi kwamba unasahau kuuliza solo iko wapi, ingawa kwa Fundi nadhani mjomba angetaka aondoke mbali zaidi. Na inawaondoa wale wa soksi wa YouTube bila matusi, kwa sababu wao wanapiga juu ya mashine. Hakuna wa kumwacha wala wa kumrudia.

Lakini sijasalimu amri. Mjomba anasema asiyeondoka si mkubwa, na mimi naona kuna namna ya kukaa ambayo ni kuondoka. Mfano wangu ni "Back in Black" ya 1980. Kile kipande cha mwanzo kila mtu anakijua, hata asiyejua kwamba anakijua. Kinachokifanya kiwe hivyo ni mashimo. Kodi inapigwa, inakatwa, halafu kunakuwa na nafasi tupu ambapo ngoma tu inatembea, na hapo mwili wako unaegemea mbele kusubiri. Bendi nyingine wangejaza lile shimo. Kuliacha wazi mwaka hadi mwaka, usiku hadi usiku, mbele ya watu elfu nyingi wanaomtazama ndugu yako, na kulipiga kila mara kana kwamba limeamuliwa sasa hivi, huo kwangu si wema. Ni uvumbuzi, ila umefanywa kwa kutoa badala ya kuongeza. Na Angus asingeweza kukimbia vile kama si kwa yule aliyebaki. Kila akirudi, nyumba ipo.

Nilimwambia mjomba hivyo hivyo, pamoja na hilo la nyumba. Akaguna. Akasema nyumba haijengwi na mtu mmoja. Nikasema ndiyo hoja yangu. Akasema hapana, ni yake.

Basi nikafungua video. Uwanja umejaa, taa, moshi, Angus na kaptula yake anaruka kwa mguu mmoja kutoka pembe hii mpaka ile, kamera inamfuata kama kuku anafuata mtama. Mjomba alitazama bila kusema kitu. Wimbo ukafika katikati, kamera ikateleza kidogo, ikapita juu ya mtu mmoja mwembamba wa fulana, amesimama karibu na ngoma, haruki, mguu tu unagonga sakafu. Sekunde mbili, kamera ikarudi kwa Angus.

"Huyu wa nyuma anaitwaje?"

"Malcolm. Ndiye niliyekwambia."

"Bado yupo?"

"Alifariki 2017."

Akachukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na uso kwa sababu ya ule ufa wa kioo, akatafuta kwa kidole mahali pa kurudisha nyuma.